UZI: Kabla katapila halijafika mtaani kwako Arusha, jina lako limo kwenye daftari la nani?

Mpima Futi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila ukigeuka Chuga siku hizi habari ni miradi. Uwanja wa mpira wa Olmoti, barabara za TACTIC (ule mradi wa kuboresha miji), masoko, stendi. Ukipanda kifodi lazima kuna mtu anakueleza jiji litakavyong'aa AFCON 2027 ikifika. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaolia bomoabomoa. Mimi kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwashikia wathamini futi kamba na kuwajazia fomu, kuanzia Tengeru hadi Kisongo, na ninataka tuzungumze kitu ambacho kwenye kelele zote hizi sikisikii. Orodha. Nani anaandikwa, lini, na anaandikwa kama nani. Kwa nilivyoona mimi, mradi ukishuka mtaani kwako mambo yako yanaamuliwa siku daftari linapopita. Katapila linakuja kukamilisha tu.

Kwanza tuelewane kwamba miradi hii haiepukiki, kwa hiyo anayekuja kuniita mpinga maendeleo apunguze mwendo. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Arusha lina watu 416,442. Sensa ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka hawakuja na viwanja mifukoni. Wengi wamepanga Ngarenaro, Unga Limited, Daraja Mbili, Sombetini, Kwa Mrombo, kwenye zile nyumba za vyumba vinavyotazamana, choo kimoja uani, bomba moja. Mji wa namna hiyo lazima uguswe. Mvua kubwa moja tu ikinyesha kila mtu anajua kwa nini mitaro inahitajika.

Na umeshaguswa sana. Mradi wa miji ya kimkakati uliidhinishwa na Benki ya Dunia 2010, Arusha ikiwemo pamoja na Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga, Mtwara na Kigoma. Ikaja njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, pamoja na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hiyohiyo ndiyo imekopesha sehemu kubwa ya mradi wa maji na majitaka wa Shilingi bilioni 520. Sasa tuna TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia wa 2022, dola milioni 278 kwa miji 45 nchi nzima. Na uwanja wa Olmoti, bilioni 286, watu 30,000, mkandarasi Mchina, fedha za serikali.

Nimetaja nani anatoa fedha kwa sababu. Hilo ndilo linaamua wewe mpangaji au mwenye meza sokoni utaonekana au hutaonekana. Nitarudi hapo, ngoja kwanza niwaeleze siku ya tathmini inavyokuwa.

Mthamini anafika asubuhi na mtendaji wa mtaa na mjumbe. Mwenye nyumba anaitwa, anasimama mbele ya mlango wake ameshika kibao kimeandikwa namba kwa maka peni, anapigwa picha. Halafu tunaingia. Ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma, una lipu au hauna, sakafu ya saruji au vigae, bati limechoka kiasi gani, dari ipo au haipo. Nje tunahesabu migomba, na mgomba unaozaa haulingani bei na mchanga. Parachichi, mgrevilea, uzio wa michongoma, kaburi kama lipo. Vyote vinaandikwa. Mwisho mwenye nyumba anasaini, mtendaji anagonga mhuri.

Muda wote huo mpangaji yuko uani anafua. Mimi nimeingia kwenye chumba chake na futi, nimesema samahani dada, nimepima kitanda kilipo mpaka ukuta wa pili, nimetoka. Chumba chake kimeingia kwenye fomu kama sehemu ya nyumba ya mtu mwingine. Mgomba una mstari wake kwenye fomu, yeye hana.


Kijana wa Daraja Mbili

Aisee hiyo ya mgomba imeniuma. Ila mkuu endelea, sheria inasemaje? Maana mtaani kila mtu ana sheria yake. Mwingine anakwambia fidia ni soko mara mbili, mwingine anasema ukipigwa X nyekundu ndiyo basi.


Mpima Futi

Tuanze na X basi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za mwanzo anahesabika kaifuata barabara, anapigwa X nyekundu, hana fidia. Aliyekutwa kwenye zile 7.5 zilizoongezwa amefuatwa na barabara, huyo X yake ni ya kijani na anatakiwa kulipwa. Kwa hiyo rangi ina maana kubwa, usifute X ya ukutani kwako ukadhani umejiokoa.

Kwenye utwaaji wa ardhi kwa mradi, sheria zipo mbili tatu zinazosomwa pamoja: ile ya Utwaaji Ardhi ya 1967, Sheria ya Ardhi ya 1999 na ile ya Uthamini ya 2016. Ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni zake za 2001 zinavunjavunja fidia hiyo: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyopo, posho ya usumbufu inayokokotolewa kwa riba ya amana za benki za biashara, usafiri wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara 36, na faida iliyopotea ambayo nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Hakuna "mara mbili ya soko" popote.

Sasa soma tena hiyo posho ya makazi. Miezi 36 ya kodi. Mtu akisikia anadhani ni ya mpangaji, kwa sababu ndiye anayejua kodi ni nini. Hapana. Anayelipwa ni mwenye mali anayeondolewa kwenye makazi yake. Faida iliyopotea nayo inataka ushahidi, na kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Nionyeshe mama lishe wa hapa soko la Kilombero mwenye hesabu zilizokaguliwa.

Kingine ambacho watu hawakijui: tathmini ina uhai. Ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba. Ikipita miaka miwili inakufa, inatakiwa irudiwe. Watu wanasaini fomu, wanakaa miaka wakisubiri, hawapaki rangi, hawazibi hata paa linalovuja kwa sababu wameambiwa wasiendeleze, na hawajui kwamba ile karatasi waliyoiweka chini ya godoro imeshachacha.


Baba Fremu

Mpima Futi umeandika vizuri lakini unatuchora wenye nyumba kama tumekula jasho la mtu. Mimi nilinunua kiwanja changu Ngarenaro wakati hata barabara haikuwepo, nikajenga tofali kwa tofali. Mpangaji amekaa miezi sita, akiona nyumba nyingine nafuu anahama bila kuaga, mwingine anaacha na deni la umeme. Leo nyumba yangu ivunjwe halafu tugawane naye fidia? Kwa lipi? Yeye anabeba godoro lake anaenda Muriet. Mimi nabeba nini?


Mpima Futi

Mzee wangu, sijasema mgawane. Nyumba ni yako, fidia ya nyumba ni yako, na siku ikicheleweshwa mimi nitakuwa upande wako. Ninachosema ni kwamba yule anayehama naye ana hasara yake. Amelipa kodi ya miezi sita mbele, umetumia tayari. Mtoto yuko darasa la saba shule ya jirani. Dalali wa kule Muriet anataka mwezi mmoja wake. Wakati huohuo mtaa mzima umehama kwa pamoja, kwa hiyo vyumba vilivyobaki mjini vimepanda bei wiki hiyohiyo. Hasara hiyo ipo, ila haina fomu.


Mama Kizimba

Mimi si wa nyumba, ni wa soko. Naomba niseme yangu maana imefanana.

Kuna soko hapa mjini, sitalitaja, tulihamishwa kupisha ujenzi. Mimi meza pale nilikuwa nayo tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Ila meza yenyewe haikuwa kwa jina langu. Mwenye jina alikuwa dada mmoja aliyepata mgao zamani, yeye akaenda zake kufanya mambo mengine, nikawa namlipa kila mwezi pembeni. Ushuru nalipa mimi, risiti inatoka kwa namba ya meza ambayo ni yake. Nilipoingia nilitoa na kilemba, ile hela ya kuachiwa meza, na kilemba chenyewe mnajua hakina karatasi.

Siku wameleta daftari la kuhama wakasema tunaandika wenye vizimba. Yule dada alikuja siku hiyo kapendeza, kasimama mbele ya nyanya zangu, akaandikwa. Mimi nikaambiwa nijiandikishe kwa wale wanaoomba upya. Kule tulikopelekwa kwa muda wateja hawafiki, vifodi havipiti, mchicha unanyauka mkononi. Mwenye jina hakukanyaga kule hata siku moja. Sasa soko jipya likikamilika nani atarudi? Atarudi yeye, na atanipangisha tena, na kilemba kitakuwa cha soko la ghorofa.


Kijana wa Daraja Mbili

"kasimama mbele ya nyanya zangu" 😂😂 pole mama, sikucheki wewe, namcheka yeye.


Mpima Futi

Mama, pole sana. Umeeleza kwa ufupi nilichokuwa nataka kukieleza kwa aya kumi. Kila soko la Arusha lina watu wawili kwenye meza moja: mwenye jina na mwenye mzigo. Kwenye makaratasi ya jiji anaonekana wa kwanza. Soko la Samunge lilipoungua 2020, nani alilala njaa? Mwenye mzigo. 2021 machinga walipoondolewa barabarani nchi nzima, wengi walikuwa bado na vile vitambulisho vya 20,000 vya enzi za Magufuli, lakini kitambulisho kinasema wewe ni mfanyabiashara mdogo, hakisemi unauzia wapi. Mahali ndiyo mali ya machinga. Ukimtoa Kilombero stendi ukampeleka penye kivuli kizuri na choo kisafi ambako hapiti mtu, umemwachia kitambulisho umemnyang'anya mtaji.

Na hapa ndipo narudi kwenye suala la nani anatoa fedha. Mikopo ya Benki ya Dunia ya miaka hii, TACTIC ikiwemo, ina masharti ya mazingira na jamii, na sharti lao la tano linahusu kuhamisha watu. Kwa sharti hilo, asiye na hati anatambulika. Mpangaji anatambulika. Mwenye biashara kwenye meza ya mtu anatambulika. Anaweza asilipwe ardhi, kwa kuwa si yake, lakini anatakiwa kusaidiwa kuhama na kurudishiwa kipato chake pale alipokuwa au zaidi. Tena mradi unatakiwa uwe na mahali pa kupokea malalamiko, na mpango wa uhamishaji uwekwe wazi watu wausome.

Ila kuna ndoano. Wanatangaza tarehe ya ukomo. Aliyekuwepo na kuandikwa kabla ya tarehe hiyo anahesabika, aliyekuja baada yake hana chake. Tarehe hiyo ipo kwa sababu ya maana, maana vinginevyo mradi ukitangazwa Jumatatu, Jumanne mabanda mapya mia yameota. Lakini tangazo linabandikwa wapi? Ofisi ya mtendaji, kwenye ubao wenye tangazo la chanjo na la mbuzi aliyepotea. Mwenye mzigo anaamka saa tisa usiku kwenda kuchukua bidhaa, ubao ule hajawahi kuusoma maishani.

Kwa mradi wa fedha za ndani masharti hayo hayapo, zinabaki sheria zetu nilizoeleza juu. Watu wawili wanaweza kuhamishwa kutoka mitaa inayopakana, mmoja na mradi wa mkopo mwingine na mradi wa fedha zetu wenyewe, na haki zao zisifanane. Sijawahi kusikia mkutano wa mtaa wananchi wakiuliza, "fedha za nani hizi?" Wanauliza lini mtalipa. Swali zuri, lakini ni la pili.


Magomeni Mpaka Mwisho

Niko Dar ila mke wangu wa Sanawari kwa hiyo nina kibali cha kuchangia. Mleta uzi umepiga mulemule kuhusu orodha. Sisi Magomeni Kota tulivunjiwa 2011. Kaya 644. Tukaambiwa mtarudi. Mnajua ahadi za "mtarudi" zinavyokuwa. Kiwanja kikakaa kitupu, nyasi, vibaka, watoto wanacheza mpira. Magufuli akaja 2016 akasema nyumba zijengwe na wale wale warudi, TBA, wakala wa majengo wa serikali, wakajenga, Machi 2022 Mama Samia akakabidhi.

Watu wanasifia maghorofa. Mimi nawaambieni kilichoturudisha ni ile namba. 644. Tulikuwa na kamati, tulikuwa na majina, tulikuwa tunakutana, mtu akifa tunajua mrithi ni nani. Kila kiongozi mpya akija tunamwekea mezani majina yaleyale. Wangetutawanya bila orodha leo pale wangekaa watu wengine kabisa na sisi tungekuwa tunasimuliana Chanika.

Na muelewe kwamba sisi tulikuwa wapangaji. Nyumba zilikuwa za serikali. Kwa hiyo yule anayesema mpangaji hana cha kudai aje tuzungumze.


Baba Fremu

Mlikuwa wapangaji wa serikali. Serikali ina pesa za kujenga ghorofa. Mimi mniambie nitajengea nini wapangaji wangu nane?


Mangi wa Majengo

Aisee Arusha mnalia na miradi inayokuja. Njooni Moshi mtulilie sisi na mradi uliokaa miaka umesimama. Stendi ya Ngangamfumuni mnaijua? Ilianza kwa mbwembwe, tukaambiwa ya kimataifa, maduka, hoteli. Watu wakaanza kununua viwanja jirani, wengine wakakopa wajenge gesti. Zege likaota kuvu. Nikisikia mtu anasema jiji litakuwa hivi ifikapo mwaka fulani, mimi namuuliza tu kama mkandarasi amelipwa.

Na mradi uliosimama una ubaya wake, nyie hamjausema. Aliyehamishwa kwa muda anageuka wa kuhamishwa moja kwa moja, na hakuna aliyetia saini kwamba ni moja kwa moja.


Mpima Futi

Mangi hilo ni kubwa kuliko unavyolitania. Mfano wake mkubwa ni Kigamboni. Mji mpya ulitangazwa 2008, watu wakazuiwa kuendeleza, ramani nzuri zikatoka, miaka ikapita na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Aliyepata hasara hakubomolewa hata tofali moja. Alizuiwa tu kuongeza chumba, hakuweza kukopea hati, hakuweza kuuza kwa bei ya maana.


Mzalendo wa Njiro

Mnaongea kama vile kuna jiji duniani limejengwa bila mtu kuhama. Singapore mnayoisifia walihamisha watu. Tukisubiri kila mwenye meza ya nyanya aridhike AFCON itachezwa Nairobi na Kampala sisi tunaandikana kwenye daftari. Njia nne ya Sakina mlilalamika hivihivi, leo mnapita kwa raha zenu mnafika Tengeru dakika chache.


Mpima Futi

Mzalendo, Singapore umeitaja vizuri. Mpango kabambe wa Arusha wa hadi 2035 umechorwa na Surbana, kampuni yao hukohuko, iliyotokana na bodi yao ya nyumba za umma. Bodi hiyo tangu 1960 inajenga nyumba za kuwaingiza watu waliotolewa mabandani. Walihamisha watu, ndiyo, na wengi hawakufurahi, lakini mtu alikuwa na mlango wa kuingilia siku ya kutoka. Sisi tumenunua ramani, ule mlango hatukuuchukua.

Na kuandika majina hakucheleweshi AFCON. Uwanja wenyewe umewekwa Olmoti kwenye eneo la wazi, haukubomoa mtaa wa watu Kaloleni. Kwa hilo waliopanga nawapa heko. Kinachonisumbua ni barabara za kuufikia na bei ya viwanja kuuzunguka, maana huko ndiko mpangaji wa mjini alikuwa anakimbilia.


Mtaalamu wa Mezani

Naomba kuongeza kidogo, mimi ni wa mipango miji, sitasema ofisi gani. Mnaizungumzia serikali peke yake. Uendelezaji mkubwa kuliko wote katikati ya mji haufanywi na serikali. Unafanywa na wenye viwanja wenyewe. Mzee ana nyumba ya zamani Levolosi, watoto wamegawanyika, anakuja mtu mwenye fedha anamwambia tuingie ubia, nibomoe nipandishe ghorofa, wewe utapata fremu mbili chini na vyumba kadhaa juu. Kariakoo imebadilika hivyo mtaa kwa mtaa. Hapo hakuna mpango wa uhamishaji, hakuna tarehe ya ukomo, hakuna benki ya nje. Wapangaji wanapewa notisi, ikiwa wana bahati ya miezi mitatu. Huko daftari lako utalipeleka wapi, Mpima Futi?

Jambo la pili, mito. Themi, Naura, Goliondoi, Kijenge, yote inakatiza mjini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Mradi wowote wa mitaro ukija, wa kandokando ya mto wataambiwa hawastahili kuwepo pale. Wengine wamekaa pale kabla ya sheria hiyo na wamelipia kodi ya majengo.


Mpima Futi

Mtaalamu, kwenye hilo la ubia sina jibu la kukupa. Pale mpangaji amebaki na mkataba wake tu, kama anao. Na wengi hawana.

La mto nina la kusema. Mradi ukiwa wa mkopo, hata huyo wa mtoni anatambulika kwa sharti lilelile la tano, atalipwa jengo na kusaidiwa kuhama hata kama ardhi hailipwi. Msimbazi kule Dar ni mradi wa namna hiyo, bonde la mafuriko kabisa, na fidia imelipwa kwa watu ambao zamani wangeambiwa hamstahili kuwepo. Watu walilalamikia viwango, ndiyo, lakini walikuwa na kitu cha kulalamikia. Kwa hiyo wa mtoni wasikae kimya daftari likipita eti kwa sababu wameshaambiwa wao ni wavamizi.


Mama Kizimba

Sasa mwanangu Mpima Futi, maneno mazuri, mimi kesho asubuhi nifanye nini? Mkataba sina, risiti si zangu.


Mpima Futi

Mama, anza na serikali ya mtaa unakoishi na ya sokoni ulipokuwa, zote mbili. Omba barua ya utambulisho inayosema unafanya biashara hapo tangu lini, kwenye meza namba ngapi. Majirani zako wa meza wawili watatu waandike na kusaini kwamba wanakufahamu hapo, waweke na namba za simu. Kama ulikuwa unamtumia yule dada hela kwa simu, usifute ujumbe wa miamala, nenda kwa mtandao wako uombe taarifa ya miezi ya nyuma wakuchapie. Kila mwezi hela ileile kwa mtu yuleyule, huo ni mkataba hata kama haukuandikwa. Kisha uliza mradi wa soko lenu fedha zake za nani. Ikiwa ni za mkopo, uliza kamati ya malalamiko ni akina nani na upeleke kwa maandishi, nakala ubaki nayo imegongwa mhuri wa kupokelewa. Usiende peke yako. Wenye mzigo wasio na majina hapo sokoni mko wengi, pelekeni orodha yenu wenyewe.


Baba Fremu

Hapo kwenye mkataba nitasema ukweli ambao wenye nyumba hatuusemi. Hatuandiki mikataba kwa sababu ya TRA. Fremu ukiiandika kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango inakatwa, kuna ushuru wa stempu, kuna kuitwa. Bila karatasi tunaelewana kwa mdomo na kodi inakuwa nafuu kwa wote. Mpangaji naye anafurahi. Sasa leo mnaniambia karatasi hiyohiyo ndiyo ingemtetea.


Mama Kizimba

Na wewe ingekutetea ukidai faida iliyopotea, baba. Au hesabu zako zimekaguliwa?


Kijana wa Daraja Mbili

Mama kamaliza 😂


Baba Fremu

Hajamaliza. Nina wapangaji nane, sita chumba na wawili fremu. Mtaalamu au Mpima Futi, mwenye nakala ya mkataba mfupi wa kurasa moja kwa Kiswahili auweke hapa. Nitaanza na wale wa vyumba. Wa fremu tutazungumza nao kwanza nani anabeba ile asilimia 10.


Mpima Futi

Nakuandalia mzee wangu, jioni nauweka. Weka majina matatu kamili, namba ya NIDA, na tarehe aliyoingia, siyo tarehe ya leo.